Ukubwa wa Kucha

Saa tisa alasiri, Tampere, na giza limeshaingia
bila kupiga hodi.
Tuovi amevua soksi moja iliyolowa theluji.
Kwenye skrini, jalada la sita
linamkodolea macho.

Limejaa. Limejaa kama kapu la mtu asiyetarajia kurudi sokoni:
paa sita zenye theluji, ngazi, kengele, mbwa,
mtoto Eevi na kofia yake, babu mchimba makaburi
akicheka kwa meno yote
(nani hucheka hivyo penye makaburi?),
misonobari kumi na miwili, aliihesabu,
na jina la mchezo, kila herufi ikidondosha barafu.
Yote hayo, dukani, yatakaa mahali
pasipoenea hata unyayo wa paka.

Anaipunguza. Asilimia hamsini: bado ni mji.
Ishirini: mji uliomwagikiwa uji.
Saba: doa.
Doa jekundu na kijani kati ya madoa mekundu na ya kijani,
Desemba, kila mtu anapouza Krismasi ile ile.
Anaweka kucha ya kidole gumba kando ya picha.
Kucha ina mambo mengi zaidi.

Veli-Matti wa mauzo anachungulia mlangoni.
"Mtie Baba Krismasi. Watu wanamjua."
"Hayumo kwenye mchezo."
"Basi kofia yake tu. Pembeni."
Kofia, Veli-Matti. Tumvike nani? Jiwe?

Maana mchezo wenyewe ni huu:
mkesha wa Krismasi, Eevi, miaka tisa,
anaingia makaburini na njiti ishirini za kiberiti.
Unapangusa theluji mpaka jina litokee.
Unawasha mshumaa. Unasogea.
Njiti zikiisha, unaomba moto kwenye kaburi la jirani,
na hapo ndipo mchezo unapoanza kweli.
Ndivyo wafanyavyo kwao: kabla ya chakula, kabla ya zawadi,
huwapelekea wafu wao moto mdogo,
husalimiana, hukanyagakanyaga chini kwa baridi,
kisha hao, nyumbani kula.

Anaanza kufuta.
Mbwa kwanza, kwa kuwa ndiye ampendaye zaidi;
akimwacha wa mwisho hatamfuta kamwe.
Paa. Kengele. Misonobari, mmoja mmoja, kama mtu anayelipa deni.
Kwa babu, mkono unasita:
yale mabega aliyachukua kwa babu yake mwenyewe, Sulo,
ambaye hakuwahi kuombwa ruhusa.
Babu anatoka taratibu. Anabaki buti.
Anabaki kivuli. Habaki.
Herufi zinanyolewa barafu, zinanenepa,
nyeupe, za mtu asiye na muda.

Kimebaki nini?
Bluu. Bluu ya saa hii hii dirishani.
Na mikono miwili ndani ya glovu za sufu
imeukumbatia mwali. Glovu ya kushoto ina tundu gumbani,
na mwanga umepata pa kutokea.

Asilimia saba: punje moja ya moto.

Saa kumi na moja Raija anakuja na ndoo yake.
Tuovi anasimama mwisho wa chumba, simu juu, mkono umenyooka.
"Unaona nini?"
Raija hana miwani. Anakunja uso.
"Mtu," anasema, "anazuia upepo."

Hakusema mshumaa. Hakusema Krismasi.
"Sasa sikukuu iko wapi?" anauliza Veli-Matti,
na Raija, ambaye hakuulizwa,
anakamua tambara lake na kumtazama
kama mtu aliyeuliza chumvi iko wapi
ilhali mchuzi uko mdomoni.

Faili linahifadhiwa: jalada la saba, la mwisho, la mwisho kweli.
Kisha Tuovi anavaa soksi, anavua tena,
anarudi kukaa.
Kwenye kona ya chini kulia, ndani kabisa ya bluu,
anachora pua ya mbwa.

Kwa ukubwa wa kucha haionekani.
Anajua. Mbwa naye anajua. Anasubiri
atakayeikuza picha.